Umehitimu Juzuu Ngapi?

Kadi ilifika nyumbani Alhamisi moja baada ya Alasiri, imeletwa na mwanangu kitindamimba ndani ya mkoba wake wa shule. Ilikuwa kadi ya karatasi nzito, imezungushiwa mstari wa dhahabu, na juu yake limeandikwa kwa herufi kubwa neno moja la Kiingereza: Graduation. Mtoto ana miaka sita. Alikuwa anamaliza mwaka wake wa pili wa chekechea, na Januari itakapofika angeingia Gredi ya Kwanza katika shule ile ile, upande wa pili wa ua ule ule.

Mamangu alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Akaipokea kadi, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akauliza, "Hii harusi ya nani?"

"Si harusi, Mama. Ni sherehe ya mjukuu wako. Anahitimu."

Uso wake ukanawiri. Akauweka ungo kando, akamvuta mtoto karibu yake na kumshika kichwa kwa mikono miwili. "Mashaallah! Umehitimu, babangu? Umehitimu juzuu ngapi?"

Mtoto akanitazama mimi, nami nikaitazama kadi. Mwanangu bado yumo katika sura fupi za Juzuu Amma, na hata nusu yake hajaifikia. Nilijaribu kumweleza Mama kwamba hii ni hitimu ya namna nyingine, hitimu ya Kizungu, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona sielewi ninachokisema. Ni kitu gani hasa alichokimaliza mtoto huyu? Na neno hili, ambalo siku hizi limejaa katika kadi, mabango, picha za simu na maombi ya kazi, lina maana gani?

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na swali hilo la Mama. Nimeona tulitazame neno lenyewe kwa makini, kisha tulitazame neno letu tulilolirithi kwa wazee, ili tujue tunapowavisha watoto wetu majoho tunasherehekea nini.

Neno lenye kidato ndani yake

Asili ya neno graduate ni Kilatini. Mzizi wake ni gradus, na maana yake ni hatua ya mguu, au daraja moja ya ngazi. Wanavyuoni wa Ulaya wa zama za kati walilitumia kwa mtu aliyepandishwa daraja ya elimu, na kufikia karne ya 15 lilikuwa limeshaingia katika Kiingereza.

Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa, na baadhi ya watoto wake tunaishi nao bila ya kuwatambua. Gredi, ambayo sasa ndiyo hesabu ya madarasa katika mtaala wetu mpya, ni mmoja wao. Digrii ni mwingine. Sentigredi, kipimo cha joto tunachokitazama mtoto anaposhikwa na homa, maana yake ni hatua mia. Hata greda, lile gari zito linalosawazisha barabara za murram, limetoka katika nyumba hiyo hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuweka ardhi katika kiwango chake.

La kupendeza zaidi ni kwamba Kiswahili nacho kilikuwa na picha hiyo hiyo tangu zamani. Kwa miaka mingi tumesema mtoto yuko Kidato cha Kwanza, yuko Kidato cha Nne. Kidato ni nini? Mwenyeji wa Pwani hahitaji kamusi. Ni ule mkato unaochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate mahali pa kuweka mguu anapopanda. Mkwezi akishaweka mguu katika kidato cha kwanza hutafuta cha pili, kisha cha tatu, mpaka afike kwenye makuti na madafu. Hakuna mkwezi aliyepanda mnazi ili akakae katika kidato.

Basi kwa asili yake neno hili la Kizungu halimaanishi mwisho wa jambo. Linamaanisha mguu uliopanda kidato kimoja.

Matumizi yake, na pale tunapoteleza

Katika Kiingereza neno hili lina sura mbili, na masikio hayana budi kuzitofautisha. Likiwa kitenzi, yaani kufanya tendo la kuhitimu, mkia wake hutamkwa kwa kuvutwa, kama "eiti". Likiwa nomino, yaani mtu aliyehitimu, mkia wake humezwa na kuwa mfupi. Huandikwa kwa herufi zile zile, lakini mzungumzaji hodari hutambulikana hapo.

Lipo pia neno jirani lake, graduand, ambalo wengi hulidhania kosa la chapa. Hilo ni jina la mtu aliyetimiza masharti yote ya masomo lakini hajatunukiwa shahada yake. Asubuhi ya mahafali, vijana wanaoingia uwanjani kwa mistari wanaitwa kwa jina hilo. Baada ya mkuu wa chuo kutamka maneno ya kuwatunuku, wanatoka wakiwa wahitimu. Tofauti baina ya majina hayo mawili ni tamko moja tu.

Tofauti hiyo si ya mchezo. Nawajua mabinti wawili wa mtaani kwetu waliomaliza mihadhara, wakafanya mitihani yote, wakarudi nyumbani na kupokewa kwa vigelegele. Orodha ya wahitimu ilipotoka, majina yao hayamo. Mmoja alidaiwa sehemu ya karo. Mwingine alama za somo moja zilikuwa hazionekani, na akahangaika baina ya ofisi na ofisi kwa mwaka mzima. Wote wawili walikuwa wameandika katika barua za kazi kwamba wamehitimu, na mwajiri alipotaka shahada hawakuwa na cha kuonyesha. Kumaliza masomo ni jambo moja, kuhitimu rasmi ni jambo la pili. Mzazi aliye na mtoto katika mwaka wa mwisho amuulize mapema: je, alama za masomo yote zimeingia? Karo imekamilika? Jina lako umeliona katika orodha, na limeandikwa sawasawa na lilivyo katika kitambulisho? Maswali hayo yaulizwe kabla ya kununua mchele wa pilau.

Jambo jingine ni kiwango. Katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichotufikia kwanza, neno hili kwa kawaida liliwekewa mtu wa chuo kikuu peke yake. Wamarekani hulitumia kwa upana zaidi: kwao, anayemaliza shule ya sekondari huhitimu, na hata mtoto wa chekechea huhitimu. Matumizi hayo ya Kimarekani yametujia kwa filamu na kwa intaneti, nasi tumeyapokea pamoja na majoho yake. Hakuna dhambi ya lugha hapo, lakini ipo hatari. Kijana wa Kidato cha Nne akiandika katika barua ya kazi kwamba yeye ni graduate, mwajiri wa Kenya atafahamu kuwa ana shahada ya chuo kikuu, na atakapoona vinginevyo atamdhania mdanganyifu. Aseme tu kwamba amemaliza masomo ya sekondari, ataje mwaka na matokeo yake.

Kuna pia wale wanaolivua neno hili kiungo chake. Kwa Kiingereza sanifu mtu huhitimu kutoka chuo fulani, na neno la "kutoka" halifai kuachwa. Na anayesoma shahada ya kwanza huitwa undergraduate, yaani aliye chini ya daraja, kwa kuwa hajaipanda bado. Aliyeipanda na kuendelea mbele ndiye postgraduate. Tukisikia tangazo la kazi linataka mtu wa namna hiyo ya pili, tusidhani digrii ya kwanza yatosha.

Nje ya shule neno hili limezagaa vile vile. Kikombe cha kupimia dawa ya mtoto, chenye mistari ya mililita tano, kumi na kumi na tano, husemwa kwa Kiingereza kuwa kimefanyiwa tendo hili hili, kwa maana kimetiwa alama za hatua kwa hatua. Kodi inayopanda kadiri mapato yanavyopanda nayo huitwa kwa jina hili. Waganda waliijua kodi yenye jina hilo mpaka ilipoondolewa mwaka 2005.

Hata nchi huhitimu. Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1971, na nchi inayotoka katika orodha hiyo husemwa kuwa imehitimu. Botswana ilitoka mwaka 1994, Cape Verde mwaka 2007, na jirani zetu wa Bahari ya Hindi, Maldives, mwaka 2011. Ndugu zetu wa Comoro na Tanzania bado wamo.

Na kuna matumizi yanayowagusa akina mama moja kwa moja. Mwaka 2002 shirika la BRAC la Bangladesh lilianzisha mpango wa kuwasaidia wanawake mafukara kabisa. Mwanamke alipewa mali ya kuanzia, kama vile ng'ombe au mbuzi, akafundishwa kuitunza, akapewa posho kidogo ya kumsitiri ili asilazimike kuiuza ile mali kwa njaa, na akatembelewa mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi. Akisimama kwa miguu yake husemwa amehitimu katika ufukara. Njia ya namna hiyo imetumika pia huku kwetu kaskazini, kama vile Marsabit, kwa vikundi vya akina mama wa jamii za wafugaji. Hapa neno limerudi kwenye asili yake: mama yule hajawa tajiri, wala hajafika mwisho. Amepanda kidato kimoja, naye anaweza kuutafuta cha pili bila ya kushikwa mkono.

Neno letu lenye muhuri

Sasa tulitazame neno la Mama. Kuhitimu tumelipata kwa Kiarabu, katika mzizi wa khatama, ambao maana yake ni kukamilisha jambo na kulitia muhuri. Ukoo wake nao ni mkubwa: hatima, hatimaye, hitimisho, na khitima tunayowasomea maiti wetu. Kabla ya kuwa neno la vyuo vikuu, lilikuwa neno la chuoni, na chuoni maana yake ilikuwa moja: mtoto ameisoma Qurani kwa maalim wake tangu Alhamdu mpaka mwisho, juzuu zote thelathini.

Wasomaji wenye umri wa Mama wanaikumbuka siku hiyo. Mtoto alikuwa ameanza kwa alifu na be katika ubao, akaonja bakora mara kadhaa, akapanda juzuu baada ya juzuu. Siku ya kuhitimu huvishwa nguo mpya, maalim hupelekewa ada yake pamoja na sinia la chakula na halua, dua ikaombwa, na watoto wenzake wakala wakashiba. Hapakuwa na kadi wala picha.

Neno chuo lenyewe lina kisa. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu hicho. Mtu aliyebobea akaitwa mwanachuoni, mwana wa chuo, kama kwamba kitabu ndicho kilichomlea. Walatini nao walimwita mwanafunzi alumnus, kwa maana ya mtoto aliyelishwa na kulelewa. Watu wawili wasiojuana wameona jambo moja. Na tulipopata vyuo vya kisasa hatukutafuta jina geni, tuliviita vyuo vikuu.

Maneno mengine ya sherehe hizi yamepitia mlango huo huo. Mahafali ni mikusanyiko ya watu. Shahada ni ushahidi: karatasi ile inashuhudia kwamba mwenye jina hili anajua jambo hili. Mwislamu anajua uzito wa neno shahada, na anajua kwamba ushahidi usio wa kweli ni jambo zito mbele ya Mungu. Laiti wanaonunua vyeti bandia wangelisikiliza tu jina la kile wanachokinunua.

Na joho je? Wengi hudhani limekuja na Wazungu wa vyuo vikuu. Joho la chuo kikuu ndiyo limetokana na mavazi ya wasomi wa kanisa wa Ulaya ya zamani, lakini jina tulilolipa ni letu. Joho lilikuwa vazi la heshima la Pwani hii kabla ya hapo, vazi refu lililotariziwa, ambalo masharifu, makadhi na mabwana harusi walilivaa juu ya kanzu. Halikuvaliwa kila siku, wala halikuvaliwa na kila mtu.

Ruhusa ya kusomesha

Hapa huenda msomaji akaona kuna mgongano. Neno la Kizungu linasema hatua, neno letu linasema muhuri. Moja laelekea mbele, jingine lafunga. Je, wazee wetu waliona kuhitimu ni mwisho wa kusoma?

Nilimuuliza Mama, naye akacheka. "Nilihitimu nikiwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Asubuhi ya pili yake maalim akanipa watoto watatu. Akaniambia, hawa ni wako, waanzishie alifu. Nikamwambia, maalim, si nimemaliza? Akasema, ndiyo, umemaliza, ndiyo maana nakupa."

Katika maneno hayo machache imo khabari yote ya elimu ya Kiislamu. Mwanafunzi aliyekamilisha kitabu kwa shekhe wake alipewa ijaza, na ijaza maana yake ni ruhusa: sasa nawe waweza kukipokeza kwa wengine kama ulivyokipokea. Muhuri uliopigwa haukuwa wa kufunga mlango. Ulikuwa muhuri wa amana. Na wanawake hawakuachwa nje ya mnyororo huo. Karima bint Ahmad al-Marwaziyya, aliyefariki Makka mwaka 463 wa Hijria, alikuwa akisomesha Sahihi ya Bukhari, na miongoni mwa waliokwenda kuisikiliza kwake ni al-Khatib al-Baghdadi, mmoja wa maulamaa wakubwa wa zama zake.

Ulaya nako haikuwa mbali na jambo hili. Digrii katika vyuo vikuu vyao vya mwanzo ilikuwa ni idhini ya kufundisha. Neno daktari, kabla ya kuwa la tabibu, lilikuwa na maana ya mwalimu. Mpaka leo vyuo vya Marekani huiita sherehe ya kuhitimu kwa neno lenye maana ya mwanzo, kwa sababu siku ile mhitimu huanza kazi yake. Na katika mahafali za hapa kwetu Kenya, sikiliza vizuri mkuu wa chuo anapowatunuku vijana: huwapa mamlaka ya kusoma na kutenda yanayoambatana na shahada yao. Vijana hucheka wanaposikia kwamba baada ya miaka minne ya kusoma wanapewa ruhusa ya kusoma. Mama hakucheka nilipomweleza. Alisema, "Hiyo ni ijaza."

Hata majengo yetu yanashuhudia hayo. Mombasa ilikuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyoanza kusomesha ufundi mapema miaka ya 1950. Mwaka 1972 ikawa politekniki, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati yake kamili. Wazee walioanza na karakana hawakusema yamekwisha. Walichonga kidato, na waliokuja nyuma yao wakakanyaga.

"Amehitimu, sasa tufunge kitabu"

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika jamaa yangu. Binti wa dada yangu alihitimu shahada ya ualimu, somo lake hisabati. Tulikwenda mahafalini kwa matatu mbili, tukampigia vigelegele, tukarudi tukala pilau. Baada ya chakula mjombake akasimama kushukuru. Alishukuru vizuri, kisha akamaliza kwa kusema, "Alhamdulillahi, mtoto amehitimu. Sasa tufunge kitabu, tumtafutie mume."

Watu wakaitikia. Nilimtazama binti, joho bado li mabegani mwake. Alikuwa anatabasamu kama ilivyompasa, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ile kofia.

Hakuna katika sisi anayepinga ndoa, naye binti mwenyewe hakuipinga. Kilichomchoma ni neno lile la kufunga kitabu. Kwa mjomba, miaka minne ya kusoma ilikuwa kama karamu iliyokwisha, vyombo vikaoshwa. Hakuwa na nia mbaya. Alilichukua neno kuhitimu kwa nusu ya maana yake, akauona muhuri asiione ruhusa.

Mama ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa mjomba huyo ni mdogo wake na hakutaka kumvunjia heshima mbele ya watu. "Mdogo wangu, mimi niliolewa baada ya kuhitimu, na nilisomesha baada ya kuolewa. Chuo changu kilikuwa hapa barazani, na wewe mwenyewe wanao wamesoma hapa. Ungetaka nifunge kitabu, nani angewafundisha alifu?" Mjomba akainamisha kichwa, kisha akacheka, na mazungumzo yakageuka. Binti aliolewa mwaka uliofuata, na jambo la kazi yake lilizungumzwa na kukubaliwa na pande zote mbili kabla ya posa kupokewa. Leo anasomesha hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana. Nawasihi wazazi wenzangu walizungumze jambo hilo mapema kama wao, kwa uwazi, kabla ya siku kuwekwa. Linapoachwa mpaka baada ya harusi huwa ugomvi.

Na ile kadi ya chekechea

Nirudi kwa mwanangu wa miaka sita. Kumfurahisha mtoto ni jambo jema, na mtoto aliyejifunza kushika penseli, kuhesabu na kukaa na wenzake kwa adabu amepanda kidato chake. Anastahili kupongezwa. Lakini pongezi zina kiasi. Nimeona akina mama wakikopa kwenye chama kwa ajili ya kukodi joho, mpiga picha, keki na gari, kisha Januari wakashindwa kununua sare na vitabu vya gredi mpya. Tukifanya hivyo tumekipamba kidato cha chini kwa mbao za kujengea ngazi iliyobaki.

Walimu wakitushirikisha mapema, twaweza kuwaomba sherehe iwe ya watoto wote kwa nguo zao safi za shule, kila mmoja asome au aonyeshe alichojifunza, na gharama iwe ya sharubati na kaimati. Na nyumbani, badala ya kumuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, tumuulize sasa anaweza kumfundisha nini mdogo wake. Swali hilo halina gharama, na jibu lake ndilo linaloonyesha kama elimu imeingia.

Sherehe tulikwenda, mimi na Mama, kwa kuwa mtoto alikuwa amesubiri sana. Ukumbi ulipambwa kwa maputo. Watoto waliingia kwa mstari, majoho yakiburura sakafuni, na wangu alikanyaga lake mara mbili. Nilipiga picha kama wengine.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, palikuwa na kitoto cha kike cha darasa lile lile, kimevaa sare yake na mtandio, kimeketi pembeni ya mamake. Joho halikulipiwa, kwa hiyo jina lake halikuitwa. Mama alikiona kabla yangu. Akakiita kwa mkono, kikaja, kikambusu mkono.

"Chuoni umefika wapi, mwanangu?"

"Nimefika Amma yatasaaluna."

Chuoni watoto huanza na sura fupi za mwisho na kupanda juu, kwa hiyo aliyefika hapo ameikamilisha juzuu nzima. Mama akamwambia asome. Kitoto kikafumba macho, kikasoma pale pale katikati ya kelele za muziki, aya baada ya aya, pasipo kukwama, mpaka Mama mwenyewe akakitulizia mkono begani.

"Basi kesho baada ya Alasiri njoo nyumbani na msahafu wako," akamwambia. "Tuanze Tabaraka."